Krimu za zebaki na haidrokwinoni zilipigwa marufuku zamani, mbona bado zipo dukani?

Mfamasia wa Tandika

Wakuu, habari za majukumu.

Kwenye ule uzi wa dada aliyebabuka uso kwa krimu ya kung'arisha ngozi, nusu ya wachangiaji waliandika "serikali itunge sheria". Nimeona nifungue uzi wangu, maana sheria haijakosekana. Ipo, ina umri wa kutosha kupiga kura, na imeandikwa vizuri tu. Tatizo liko kwingine, ndilo nataka tulijadili.

Tuanze na nyumbani. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, ndiyo iliyozaa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mwaka 2019, kupitia Sheria ya Fedha, chakula na vipodozi vikahamishiwa TBS, shirika la viwango. TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikabadilishwa jina kuwa TMDA. Zanzibar wana wakala wao, ZFDA. Juu ya hapo kuna kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 377, ambacho sehemu yake ya kwanza ni orodha ndefu ya kemikali zisizotakiwa kabisa kwenye kipodozi. Orodha hiyo imefuata kwa kiasi kikubwa ile ya Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1223 ya 2009, inayokataza kemikali zaidi ya 1,300. Zebaki imo. Kwa hiyo anayesema sisi hatuna sheria kama za wenzetu hajazisoma, na mtashangaa: kwa urefu wa orodha tunaizidi Marekani.

Sasa zebaki yenyewe. Ngozi hutengeneza rangi kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tairosinesi, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila madini ya shaba. Zebaki inakalia nafasi ya shaba, kazi inasimama, rangi mpya haitengenezwi. Baada ya muda uso unang'aa, shosti anaulizwa anatumia nini. Ila zebaki haikai usoni. Inapenya, inaingia kwenye damu na kwenda kujikusanya kwenye figo. Mwaka 1972 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Nairobi uliohusu watu wazima 60 ambao figo zao zilikuwa zinavujisha protini na miili imevimba. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanapaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Mwaka 1972, wakuu! Wengi wetu humu hatujazaliwa.

Na msidhani zote zilikuwa za mchanganyaji wa uchochoroni. Ulaya ilishakataza zebaki kwenye vipodozi vya watu wake, lakini viwanda vyake vikaachiwa kutengeneza sabuni za zebaki za kuuza nje, na soko mojawapo kubwa lilikuwa Afrika. Mlango huo wa kuuza nje ulifungwa mwaka 2003. Kwa hiyo kuna miaka mizima ambayo sabuni iliyokuwa haramu kwa mama wa kule ilikuwa halali kupakiwa kwenye kontena kuja kwa mama wa huku. Hilo huwa linanikera kuliko yote kwenye historia hii.

Baadaye ukaja Mkataba wa Minamata wa zebaki, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kazi 2017. Uliweka kwamba ifikapo 2020 hakuna kutengeneza, kuingiza wala kusafirisha vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, yaani miligramu moja kwenye kilo nzima ya krimu. Tanzania iliridhia mwaka 2020. Kwenye mkutano wa Geneva wa 2023 hata hicho kiwango kikaondolewa: kipodozi chochote kilichotiwa zebaki, kidogo au kingi, mwisho 2025.

Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, nayo ina hadithi yake. Hii haiui figo kama zebaki, ila ukiitumia muda mrefu na jua hili letu inakugeuka. Ngozi inaanza kuwa na mabaka meusi yenye ubuluu, mashavuni na chini ya macho, yenye vijipunje ukipapasa. Madaktari wa Afrika Kusini waliieleza hali hiyo mwaka 1975, inaitwa okronosisi, na kuifuta ni kazi ngumu mno. Anayeona mabaka hayo anadhani krimu imepungua nguvu, anaongeza. Afrika Kusini wakaja kuiondoa kwenye vipodozi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ikaitoa kwenye krimu za ngozi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

La tatu ndilo linalotutesa zaidi sisi wa maduka ya dawa: steroidi. Klobetasoli na betamethasoni ni dawa halali, zimesajiliwa, zinatibu pumu ya ngozi na mengine. Kwa cheti cha daktari, kwa eneo dogo, kwa muda mfupi. Sasa mtu anachukua tyubu zake, anamimina kwenye losheni, anakoroga na jiki kidogo, anajaza kopo lisilo na jina. Huo ndio mkorogo. Je, ni kipodozi au ni dawa? Ukiuliza kwa upande wa vipodozi, hicho si kipodozi kilichosajiliwa. Ukiuliza kwa upande wa dawa, tyubu iliingia nchini kihalali kabisa. Kosa limefanyika kwenye beseni la mtu chumbani kwake, na pale hakuna afisa wa mamlaka yoyote.

Maoni yangu: sheria zetu zimeandikwa zikiamini kwamba kifungashio kinasema kweli. Kikisema uongo, sheria nzima inakosa pa kushika. Tujadili.

DukaMtaani

Mfamasia umeongea vizuri ila umewarukia wenye maduka kijanja. Mimi nina duka la vipodozi, sitasema wapi. Nanunua katoni kwa wa jumla, boksi limeandikwa kwa Kiingereza kwamba halina haidrokwinoni, tena kwa herufi za dhahabu. Maabara sina. Wakaguzi wakija wanaanza na mimi mwenye fremu moja, mzigo unachukuliwa, unakwenda kuteketezwa, na faini juu. Aliyeleta kontena yuko ghorofani kwake anakunywa chai.

Na wateja wenyewe mmewasahau. Anakuja dada na picha kwenye simu, "nataka hii". Ukimwambia haipo anakwenda duka la tatu, anaipata. Sheria ni msumeno, basi ikate na kule kwa muagizaji.

Ngosha84

Mwe! Mimi nimekuja kusoma koment tu. Uso Fanta, miguu Coca, vidole vya sugu vinasimulia siri 😂😂

BintiKibokoni

@Ngosha84 na nyinyi wanaume wa siku hizi mwapaka, tena mwajificha. Nyamaza tu kaka yangu.

Mfamasia wa Tandika

@DukaMtaani nakuelewa, mkuu. Ulaya sheria yao inataka kila kipodozi kiwe na mtu au kampuni moja iliyo ndani ya Umoja inayobeba dhamana yake, jina na anwani viwe kwenye kifungashio, na iwe na jalada la bidhaa lenye tathmini ya usalama. Kikileta madhara wanajua mlango wa kugonga. Huku kwetu muagizaji anatakiwa asajili bidhaa, lakini mzigo ukishavunjwa vunjwa Kariakoo, uzi unakatika.

Kitu kimoja unachoweza kufanya ni kudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la bidhaa, siyo iliyoandikwa "vipodozi mchanganyiko". Hiyo "mchanganyiko" ndiyo inayomlinda wa jumla. Wakaguzi wakija huna pa kumnyooshea kidole, kwa sababu karatasi yako haisemi kwamba krimu ile ilitoka kwake. Mtu akikataa kukuandikia jina la bidhaa kwenye risiti, ameshakujibu.

Na zile herufi za dhahabu za "haina haidrokwinoni" zisikutulize. Fungua chupa moja uangalie mdomoni, pale losheni inapogandia kwenye kifuniko. Haidrokwinoni ikikutana na hewa inageuka kahawia. Losheni nyeupe yenye ukoko wa kahawia mdomoni ina la kujieleza. Siyo kipimo cha maabara, na bidhaa nyingine hubadilika rangi kwa sababu tofauti, ila ni dalili ya kukufanya usinunue katoni kumi.

Kwa zebaki kuna dalili nzuri zaidi na iko kwenye maandishi. Soma maelekezo. Ukikuta wanakwambia usiiache igusane na dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira, weka chini. Losheni ya kawaida ina ugomvi gani na pete yako? Zebaki ndiyo inayokula dhahabu, waulizeni wachimbaji wa Geita. Majina mengine ya kutafuta kwenye viambato, kama yanavyoandikwa: "calomel", "mercurous chloride", "ammoniated mercury", "mercurio".

Mtoto wa Mjini

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Mtu mzima na ngozi yake, serikali inamtafutia nini? Sigara inauzwa, pombe inauzwa, zimeandikwa tahadhari basi. Andikeni tahadhari, mtu achague.

KakaMinneapolis

@Mtoto wa Mjini hoja yako ingesimama kama madhara yangeishia kwa anayepaka. Huku Marekani kuna familia zilizopimwa baada ya mtu mmoja kutumia krimu ya zebaki, wakakutwa na zebaki watu ambao hawajawahi kuigusa, watoto wakiwemo. Taulo moja, shuka moja, mama anabeba mtoto shavu kwa shavu. Halafu zebaki hutoa mvuke, kwa hiyo chumba kizima kinahusika. Mtoto wa miaka miwili alichagua lini?

Mfamasia kasema kweli kuhusu Marekani. Sheria kuu ya shirikisho ya vipodozi ni ya 1938, na ilikuja baada ya wanawake kupofuka kwa dawa ya kupaka kope iliyokuwa inauzwa miaka ya 1930 bila ya mtu kuuliza ina nini. Tangu hapo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huku, imekataza au kuwekea mipaka vitu kama kumi na moja tu. Na hadi juzi, krimu ikiunguza watu, FDA haikuwa hata na uwezo wa kulazimisha irudishwe kutoka madukani, walikuwa wanaiomba kampuni. Sheria mpya, inaitwa MoCRA, ilisainiwa Desemba 2022: viwanda vijisajili, madhara makubwa yaripotiwe ndani ya siku 15 za kazi, na FDA sasa inaweza kuamuru bidhaa iondolewe.

Majimbo yalichoka kusubiri. Huku kwetu Minnesota walikataza zebaki ya kutiwa kwenye vipodozi tangu 2008, hadi kwenye maskara. California walipitisha sheria mwaka 2020 ikataja kemikali 24, zikiwemo zebaki na formaldehaidi (gesi inayotengeneza formalini), ikaanza kazi Januari 2025. Washington nao wakafuata, yao ikaanza mwezi huo huo.

Kisa kimoja cha huku kinatosha. Sacramento, California, mwaka 2019, mama wa miaka 47 alifikishwa hospitali anaongea kwa kukokota, hajitambui vizuri, baadaye akapoteza fahamu kabisa. Krimu yake ilikuwa imetoka Mexico, kopo la kampuni inayojulikana, lakini ndani kulikuwa kumeongezwa zebaki ya aina mbaya kuliko zote, ile inayokwenda kwenye ubongo. Ilipimwa ikakutwa na kama sehemu 12,000 kwa milioni. Kumbukeni Mfamasia kasema kikomo kilikuwa moja.

Kwa hiyo hata kopo la kampuni ya kweli halikuhakikishii kilichomo.

Mtoto wa Mjini

Hiyo ya watoto sikuwa naijua. Lakini bado nasema haidrokwinoni si zebaki. Marekani si inauzwa?

KakaMinneapolis

Ilikuwa inauzwa dukani bila cheti hadi asilimia 2. Mwaka 2020, katikati ya ile sheria ya misaada ya korona, utaratibu wa dawa za bila cheti ulibadilishwa na haidrokwinoni ikatoka. Sasa ni kwa daktari tu. Wengi hawakugundua kwa sababu dunia nzima ilikuwa inawaza barakoa.

BintiKibokoni

Asalaam aleikum. Mwasema krimu, mwasema sabuni, mimi naona mmesahau hatari ya kwetu Pwani: piko.

Kwa wasioijua: hina ya majani, ile nyekundu, bi harusi apakwa na kukaa nayo saa nyingi, huenda usiku kucha, na asubuhi akiikwangua rangi ni ya machungwa, kisha yakolea. Piko ni ile nyeusi. Ni poda ya kupaka nywele, yachanganywa kama wino, yachorwa kwa kijiti, yakauka upesi na yatokea nyeusi tititi. Siku hizi kila bi harusi ataka nyekundu ya ndani na nyeusi ya pembeni ili maua yaonekane kwenye picha.

Binti ya mamangu mdogo alichorwa siku mbili kabla ya harusi ya dadake. Usiku wa pili mkono ukaanza kuwasha. Kulipokucha malengelenge yalikuwa yamefuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, tawi kwa tawi, kutoka kwenye kidole cha shahada hadi karibu na kiwiko. Pale penye hina nyekundu hapakuwa na kitu. Ungeweza kusoma kwenye ngozi wapi fundi alibadilisha bakuli. Yalipopasuka na kukauka, alama zilibaki, na mpaka leo akivaa mikono mifupi waziona.

Sheria yasemaje hapo? Maana poda yenyewe yauzwa wazi, na yule mama mchoraji ni jirani yetu, hana nia mbaya.

Mfamasia wa Tandika

Dada, umeleta jambo zito na ninashukuru. Kilichomo kwenye piko ni parafenilinidaiamini, kwa kifupi PPD. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi. Marekani vilevile, kwenye ngozi haijaidhinishwa. Kwa hiyo poda ikiwa kwenye rafu na picha ya nywele nyeusi kwenye boksi inaweza kuwa halali. Ikiingia kwenye kijiti cha mchoraji, hapo ndipo tatizo. Ni lile lile la tyubu za steroidi: sheria inadhibiti bidhaa, na madhara yametoka kwenye matumizi.

Halafu mwambie binti wa mamako mdogo jambo moja muhimu. Mwili ukishaikataa PPD, hausahau. Miaka kumi baadaye akienda saluni kupaka nywele rangi, uso na macho vinaweza kuvimba hadi macho yasifunguke kabisa. Ndiyo maana rangi za nywele za Ulaya zina onyo linalotaja hina nyeusi waziwazi. Akienda saluni popote aseme kwanza.

Mchoraji naye anaishika kila siku, mikono mitupu. Mpe glavu.

BintiKibokoni

Nitamwambia in shaa Allah. Na wanja wa manga je? Jamaa zetu wa Muscat watuletea ule wa jiwe, twapaka hadi watoto wachanga.

Mfamasia wa Tandika

Mtoto mchanga hapana, tafadhali. Wanja mwingi wa jiwe ni galena, na galena ni risasi na salfa. Mtoto anajifuta jicho, anatia kidole mdomoni. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. FDA haikubali wanja wa namna hiyo uingie Marekani, na Ulaya risasi imo kwenye orodha ya marufuku.

MamaSaluni

Nimesoma wote. Mimi nina saluni, na hamjataja dawa ya kunyoosha nywele na keratini. Ile keratini ukipitisha pasi inatoa moshi, macho yanachoma kama umekata vitunguu, koo linakauka. Mteja namfungulia dirisha, anakaa saa mbili anaondoka. Mimi na wasichana wangu tunabaki, kesho tena, keshokutwa tena. Kwenye chupa imeandikwa haina formalini.

Mfamasia wa Tandika

Mama, macho yako ni kipimo kizuri kuliko lebo. Formalini ni ile ile ya mochwari. Wakiandika "haina", tafuta "methylene glycol" kwenye viambato. Hiyo ni formaldehaidi, gesi inayotengeneza formalini, iliyokwishachanganyika na maji, na ukiipitisha pasi ya moto inarudi kuwa gesi. Ni ujanja wa kisheria tu: wametaja kitu kwa jina lake la pili. Inatambulika kimataifa kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

KakaMinneapolis

Hapo kwenye dawa za kunyoosha, taasisi za afya za Marekani zilitoa matokeo Oktoba 2022, wanawake 33,497 waliofuatiliwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64. Kwa waliotumia mara kwa mara, zaidi ya mara nne kwa mwaka, yalikuwa 4.05. Hawakutenganisha bidhaa moja moja, kwa hiyo huwezi kusema ni kemikali gani. FDA ilitangaza mwaka 2023 kwamba itapendekeza kukataza formaldehaidi kwenye dawa hizo. Tarehe imepita, ikasogezwa, ikapita tena.

MamaSaluni

Kumbe na wao wana danadana. Na jeli za kucha, zile za kukausha kwa taa?

Mfamasia wa Tandika

Ulaya wamekataza moja ya kemikali zake, TPO, kuanzia Septemba mosi 2025. Mabaki ya mzigo yanaweza kuletwa huku kwa bei ya kutupa, kwa hiyo ukipigiwa simu na mtu ana jeli za bei chee, angalia viambato kabla hujafurahi.

Nyamirambo_1

Salamu kutoka Kigali. Sisi tuliona marufuku ikitekelezwa kwa nguvu. Orodha ya kemikali ilikuwa ipo, watu wanaendelea tu na biashara, hadi Novemba 2018 mjadala ukawaka mtandaoni na Rais Kagame mwenyewe akajibu kwamba Wizara ya Afya na polisi walishughulikie haraka. Basi, wiki hizo maafisa wakaingia duka kwa duka, krimu zikachukuliwa kwa maboksi.

Kilichofuata mtaani kwetu ndicho nataka mkijue. Rafu zilisafishika kweli. Bei ya zilizobaki ikapanda, zikahamia chini ya kaunta, nyingine zikaanza kuuzwa kwa WhatsApp bila boksi. Zamani angalau ulisoma lebo ya uongo. Sasa huna lebo kabisa. Sisemi msako ulikuwa mbaya, vijana wengi wapya hawakuanza kwa sababu hawakuziona dukani. Ila wale waliokwisha kuzoea ngozi ile walisukumwa kwa mtu wa hatari zaidi, na hakuna aliyewaambia namna ya kuacha.

DukaMtaani

Hapo umesema, jirani. Na ukiwa na mipaka mingi hivi, njia za panya haziishi. Ukifunga Rusumo kuna Kabanga, ukifunga Kabanga kuna ziwa.

Mfamasia wa Tandika

@Nyamirambo_1 umegusa ninapotaka tufike. Adhabu ya duka tunayo. Hatuna sehemu ya kumpokea anayeacha. Kanuni zinamtambua muagizaji, msambazaji na muuzaji, lakini mtumiaji hazimjui. Ningekuwa na kauli, pesa kidogo ya misako ningeipeleka kupima kwa kushtukiza bidhaa zinazouzwa mtandaoni na kutangaza majina ya waagizaji, na nyingine niipeleke kliniki za ngozi.

MgeniHumu

Samahanini, nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Natumia krimu ya kopo kutoka kwa dada mmoja, miaka kadhaa sasa. Nikiacha siku mbili uso unawaka moto, unakuwa mwekundu, vipele vinajaa, narudia. Mapajani nina michirizi mipana. Shinikizo la damu limeanza na sina hata miaka 35. Naogopa kwenda hospitali nitasemwa. Nifanyeje?

Mfamasia wa Tandika

Karibu dada, na pole. Hapa hutasemwa na mtu, anayetaka kusema afungue uzi wake.

Unayoeleza yanafanana sana na steroidi kali. Usiikate ghafla peke yako, hasa kama unapaka mwili mzima. Ikitumika muda mrefu, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake yenyewe ya kuhimili mishtuko, ukikatisha ghafla unaweza kulegea, kutapika, presha kushuka vibaya. Ndiyo maana kuacha kunapangwa na daktari, hatua kwa hatua, na kule kuwaka kwa uso kunatibika.

Nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa iliyo karibu. Nenda na kopo, hata kama limebaki robo, lifunge kwenye mfuko wa plastiki. Waambie kila sehemu unayopaka na mara ngapi kwa siku. Omba wakupime sukari, presha na mkojo kwa ajili ya protini, na uulize kuhusu kipimo cha zebaki kwenye mkojo, kwa sababu kopo lisilo na jina linaweza kuwa na vyote. Kama una mtoto anayelala na wewe au unanyonyesha, sema hilo mapema. Taulo na mito badilisha leo leo.

Aliyekuuzia usimwambie unakwenda wapi. Atakupa "ya kupunguza makali", nayo itakuwa steroidi nyingine.

MgeniHumu

Ahsante sana kaka. Nina mtoto wa mwaka mmoja, nalala naye. Jumatatu nakwenda.

Mfamasia wa Tandika

Nenda naye, wampime pia. Nimekuandikia kwenye PM maswali ya kumuuliza daktari ili usije ukayasahau ukifika mezani.

DukaMtaani

Mkuu, swali la mwisho. Nina katoni mbili zenye ule ukoko wa kahawia uliousema. Nikizipeleka mwenyewe kwa mamlaka nitapigwa faini?

Mfamasia wa Tandika

Kwanza ziondoe rafuni leo, uzitenge na kuziandikia "haziuzwi". Andika barua: jina la bidhaa, namba ya toleo, ulinunua wapi na lini, ambatanisha risiti. Ipeleke ofisi ya kanda ukiwa na nakala wakugongee muhuri wa kupokelewa. Faini ni uamuzi wao, siwezi kukuahidi, ila aliyejipeleka na barua na aliyekutwa ameficha hawasimami sehemu moja. Na usizimwage chooni wala kuzichoma uani. Kama zina zebaki, mvuke wake mtauvuta nyinyi na majirani.

Risiti unayo?

DukaMtaani

Imeandikwa "vipodozi mchanganyiko".

Mfamasia wa Tandika

Basi rudi kwa wa jumla kesho asubuhi umwambie akuandikie upya kwa majina, kabla hujamwambia kwa nini.